Kulabu ya Kumi na Saba

Oberhalden, 24 Aprili

Shemeji Volker,

Salamu kutoka milimani. Theluji huku imegoma kuondoka, na mimi nimegoma kuiogopa. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako ni pambo tu, unaizima kama taa ya chooni. Hamjambo huko kisiwani? Mwambie Svenja mama yake mkubwa anamsalimu, na kwamba soksi za sufu sikuzifuma zikalale kwenye begi.

Karakana imepooza tangu lori liondoke na roketi yenu kuja huko kurushwa. Tuliobaki tunazungukazunguka kama watu waliotoka kumsindikiza bibi harusi, hawajui warudi kwenye ngoma au waoshe masufuria. Nimemaliza kushona blanketi za setilaiti ya pili. Unakumbuka jengo hili lilivyokuwa kiwanda cha fulana? Nimekaa dirisha hilihili miaka ishirini na mbili nikivalisha watu, sasa navalisha vyombo vya angani, na cherehani ni ileile. Juzi Bwana Traub alipita na wageni, akawaambia mimi ni mtaalamu wa kukinga joto. Nikamwambia, bosi, usinipandishe cheo mbele za watu halafu ukanisahau ofisini. Wageni walicheka, yeye hakucheka.

Sasa nina kesi na wewe. Wiki ile ya mwisho kabla hamjafunga roketi zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Kibao cha zamu kilining'inia mlangoni pa chumba changu cha kushonea tangu Jumatatu, na kwangu kibao hakining'inii bure. Jumamosi nilikuja peke yangu, nikafagia karakana nzima hadi chini ya meza yako, ambako, samahani, niliokota ganda la yai la Pasaka. Nikafuta madirisha. Hata ule ubao wenu wa vifuniko vyekundu niliukamilisha. Kulabu ya kumi na saba ilikuwa tupu, imeacha pengo kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Nikakitafuta kifuniko chake kila mahali, nikakikosa. Nikakuta kimoja cha zamani kwenye sanduku la vikorokoro, namba imefutika, nikakiosha na kukitundika. Ishirini na nne, kamili! Jumatatu ukaja, ukahesabu, ukatia saini yako, ukapita zako. Hata "asante, shemeji" hakuna.

Haya, najua. Kwetu asiyekaripiwa amesifiwa. Maskini dada yangu Hannelore aliishi na sifa za namna hiyo miaka thelathini mpaka akaenda nazo kaburini.

Kula vizuri. Rusheni salama.

Wako,
Gudrun


Kisiwani, 4 Mei

Gudrun,

Barua yako imefika leo asubuhi. Asante. Upepo mkali. Tunakula samaki asubuhi, mchana na jioni. Tunarusha Alhamisi, hali ya hewa ikikubali. Svenja anafanya kazi sawasawa. Soksi zako amezivaa.

Volker


Oberhalden, 8 Mei

Shemeji,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kantini.

Tulikusanyika wote mbele ya skrini. Kulikuwa na mikate ya chumvi iliyopakwa siagi, na mke wa Bwana Traub alileta maua. Roketi ikapanda. Watu wakapiga makofi. Halafu ikawa haipandi. Sekunde thelathini na moja. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe cha moto na sikutaka kukiweka chini kabla haijapotea mawinguni. Kisha moshi, kisha bahari, kisha bahari tena.

Hakuna aliyelia. Mtu mmoja akazima skrini. Bwana Traub akasema, "Basi, jamani, nendeni nyumbani." Hakuna aliyekwenda. Tukaosha vikombe. Vingine vilikuwa safi, tukavirudia. Nikarudi kwenye cherehani nikashona mshono mrefu, umenyooka vizuri kabisa, na nilipofika mwisho nikaona kwamba sikuwa nimetia uzi.

Wametukataza kuzungumza habari hizi kwa simu au kompyuta, eti wachunguzi watachukua kila kitu. Karatasi hawajaikataza. Niandikie, hata mistari miwili. Svenja yukoje?

Gudrun


Kisiwani, 19 Mei

Gudrun,

Wamevua kipande. Wavuvi wameleta sehemu ya tumbo la roketi, kama mita moja na nusu, imekunjamana. Kipimo cha presha ya tangi bado kimo. Juu yake kuna kifuniko chekundu. Namba kumi na saba inasomeka vizuri.

Wewe uko kwenye cherehani, labda hukuwahi kuelezwa ubao ule ni wa nini. Vifuniko vinazuia vumbi wakati wa kazi. Kila kinachotolewa kwenye roketi kinatundikwa kwenye kulabu yake. Kulabu tupu si uchafu. Kulabu tupu ni onyo: kifuniko bado kimo ndani, msifunge. Ijumaa kabla ya kufunga niliiona kwa macho yangu, ilikuwa tupu. Jumatatu ubao ulikuwa umejaa. Nikahesabu ishirini na nne, nikatia saini, tukafunga. Kipimo kikaenda juu kimezibwa. Mashine ikadhani presha iko sawa, na haikuwa sawa.

Wachunguzi wamekuta kifuniko cha zamani kwenye kulabu ya kumi na saba, wameuliza ni nani aliyekitundika. Ninajua ni mkono wa nani. Ni mkono wa nyumbani kwetu. Nimewaambia ni wangu. Saini ni yangu vilevile, kwa hiyo hawakuuliza sana. Sitagusa roketi tena. Nina miaka sitini na moja, haidhuru.

Usiniandikie juu ya jambo hili. Usimwambie mtu. Hannelore angetaka hivyo.

Volker


Oberhalden, 27 Mei

Shemeji Volker,

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Halafu nikala dengu zilizokuwa mezani, sufuria nzima, sijui hata kama zilikuwa na chumvi.

Umesema nisiandike, siandiki. Nakuambia tu kwamba nimeelewa kila neno, pamoja na yale ya ubao uliyonieleza taratibu kama unamweleza mtoto. Sikujua, Volker. Naishia hapo.

Siku ya harusi yenu nilimnong'oneza Hannelore: dada, unaolewa na gogo. Leo naliondoa neno hilo. Gogo halimbebi mtu mwingine hivi.

Huku wanakutaja. Hawakutaji kwa ubaya. Mtu anasema "Volker," kisha wote wananyamaza wanatazama vikombe, na mimi nanyamaza nao. Ndipo ninapojishindwa mwenyewe. Nakaa palepale, nanyamaza, halafu nauliza kama kuna anayetaka kahawa. Moyo hauniumi. Ningeshukuru ungeuma. Nina ganzi kama mguu uliokaliwa, mwili mzima.

Mara mbili nimefika mlangoni kwa Bwana Traub. Mara ya pili nilijikuta nafuta kitasa chake kwa kitambaa. Nikarudi kazini.

Nakutumia mashati mawili na mtungi wa jemu.

Gudrun


Kisiwani, 10 Juni

Mama mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, sijaandika barua tangu shule. Simu zetu sote tuliofunga roketi ziko kwa wachunguzi.

Baba hasemi nami. Unajua yeye kwa kawaida hasemi, lakini kuna kutosema na kutosema. Hii ni nyingine. Tangu kile kipande kivuliwe anakula meza ya peke yake na amenipa mgongo. Nilidhani ni aibu, kwa sababu amesema kosa ni lake. Nikamwacha. Juzi nikachukua sahani yangu nikaketi mbele yake, nikamwambia, "Baba, mimi sikulaumu." Akaweka uma chini. Akasema, mbele ya watu wote, "Uvivu ningeusamehe. Uongo siwezi." Akainuka, akaenda kuosha sahani yake.

Mama mkubwa, nilikaa pale mpaka samaki akapoa ndipo nikaelewa. Anadhani ni mimi! Ijumaa ile kifuniko cha kumi na saba kilibaki ndani kwa sababu gundi ya karibu yake ilikuwa haijakauka. Nilimwambia nitakitoa Jumatatu. Jumatatu nikakuta ubao umejaa, nikajua ni yeye amekuja Jumamosi kunimalizia kazi. Si ndiyo tabia yake? Anakumalizia kazi, hasemi, na wewe huulizi, kwa sababu ukiuliza utaonekana hukuiamini kazi yake. Kumbe yeye naye aliuona umejaa, akajua ni mimi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Hatuna mazoea hayo.

Sasa nikikuambia jambo hili usinicheke. Ninalala, ninaamka, na nimeanza kukumbuka nikikitundika. Najiona pale. Nilikuwa na haraka, nikachukua cha zamani, nikakitundika ili asinikaripie. Sijui kama kweli ninakumbuka au namkumbuka yeye akinitazama. Wewe umenilea tangu Mama afariki, unanijua. Mimi ni mtu wa kufanya hivyo?

Nimepata kazi Denmark. Naondoka kwa kivuko tarehe kumi na saba. Nyumbani sipiti.

Svenja


Oberhalden, 19 Juni

Volker,

Barua ya Svenja imenifikia jana. Nikapiga simu ofisi ya huko kisiwani, wakataze wasikataze, nikaambiwa ameondoka juzi. Sina anwani yake. Kwa hiyo naanza na wewe, na sasa sinyamazi tena hata uniambie vipi.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyetundika. Mkono wa nyumbani kwenu ulikuwa wangu, wewe mwanamume!

Nilikuandikia mwenyewe tarehe ishirini na nne Aprili, ukurasa mzima wa majigambo, kwamba nimefagia, nimefuta, nimekamilisha ubao. Ukajibu barua imefika, ukaniandikia na habari za soksi, nikajua umesoma. Baada ya ajali ukaniandikia kwamba unajua mkono ni wa nani na umeubeba wewe. Nikadhani umenibeba mimi. Mimi nikakuacha unibebe. Wiki tatu nimekaa kantini nakuacha unibebe, nikijiambia shemeji ana moyo mkubwa. Kumbe unambeba mtoto, na huku unambeba, huku unamchinja.

Ulimwitaje mwongo bila kumuuliza? Na mimi nawezaje kukuuliza swali hilo? Dada yangu alinishika mkono hospitalini akasema, "Mtoto wangu asije akawa peke yake." Sasa amepanda kivuko peke yake, na anaanza kukumbuka dhambi yangu kama yake. Soma hilo mara mbili.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Traub. Sikufuta kitasa. Nikamwambia yote, na nikamwandikia Bi Kettler, mkuu wa wachunguzi, nikatia saini. Bwana Traub alisikiliza, akasema, "Gudrun, kwa nini uliugusa?" Nikasema, "Ulikuwa na pengo."

Wenzangu hawajanitukana. Ila Jumatatu ijayo zamu ya kufagia ni yangu, na nimeona kibao kimeshapita mlango wangu, kiko kwa jirani. Miaka thelathini na moja katika jengo hili hakijapata kuniruka. Nilikitazama, nikaingia ndani.

Mtafute mtoto.

Gudrun


Kisiwani, 26 Juni

Gudrun,

Barua yako ya Aprili ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli nyeupe. Haikuwa imefunguliwa.

Unanijua. Kazi kwanza. Chokoleti ya Krismasi naila Januari. Barua zako ni ndefu na zinanichekesha, kwa hiyo nilijiambia nitaisoma roketi ikishapaa, niwe nimeistahili. Roketi haikupaa. Baada ya hapo sikutaka kuchekeshwa. Soksi nilizitaja kwa sababu alikuwa amezivaa siku hiyo, basi.

Nimeifungua jana kwa kisu cha samaki. Nikaisoma polepole. Nilicheka mahali pa ganda la yai. Nilikuwa bado nacheka nilipofika kwenye pengo la jino.

Ilinifikia tarehe nne. Tulirusha tarehe saba. Kufungua tumbo la roketi, kutoa kifuniko na kufunga tena ni kazi ya saa sita. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, jibu ni lilelile.

Wewe ulitundika. Mimi sikufungua. Aliyeadhibiwa ni mtoto.

Sikukasirikii. Natafuta hasira siioni. Naamka, nakunja blanketi, nakula samaki. Meza yangu ni ileile ya peke yangu, maana sasa sina wa kumpa mgongo.

Bi Kettler amenipa anwani ya Svenja. Nimemwandikia. Sijapata kumwandikia barua maishani, tulikuwa tukionana kila siku. Nilidhani nina mistari mitatu. Zimetoka kurasa nne. Nimemwomba msamaha, na nimemweleza kazi zake zote tangu awe na miaka kumi na sita ambazo zilikuwa nzuri na sikusema. Moja moja. Nilizikumbuka zote.

Hajajibu.

Volker


Esbjerg, 14 Julai

Mama mkubwa,

Shikamoo. Hii ndiyo anwani yangu, iko nyuma ya bahasha. Usiniulize kuhusu simu, ile bado iko kwa wachunguzi na mpya sinunui. Kimya kinanifaa.

Kazi ni nzuri. Nasugua mapanga ya vinu vya upepo, makubwa kama nyumba zimelazwa. Unavaa barakoa, unasugua, vumbi jeupe linakufunika, jioni unaoga. Hakuna anayehesabu chochote. Wenzangu wananiita "Mjerumani," wananipa mkate wao mweusi, hawaulizi kitu. Sina huzuni. Nakuambia hivyo usiwe na wasiwasi. Sina chochote.

Yule Bi Kettler alinipigia kazini mwezi uliopita, eti ana habari muhimu. Nikamwambia sitaki kusikia roketi ile ikitajwa, nikakata. Baba naye ametuma bahasha. Ni nene sana. Baba haandiki barua nene, kwa hiyo nadhani ni makaratasi ya kampuni anataka nitie saini. Iko juu ya friji. Nitaifungua likizo ikianza, mwezi wa nane. Sasa hivi kuna kazi nyingi, na mimi si unajua nilivyolelewa: kazi kwanza.

Jambo moja nililokuuliza, huna haja ya kulijibu. Sasa nakumbuka vizuri. Kulabu, kifuniko, mkono wangu. Hata ubaridi wa chuma naukumbuka. Ni mimi. Wiki ijayo nitawaandikia wachunguzi, Baba aondolewe lawama.

Svenja


Kadi, Oberhalden, 17 Julai

Svenja mwanangu,

Nakuandikia kadi kwa makusudi, isiyo na bahasha, usipate cha kuacha kufungua. Wenye posta nao wasome, wa huku na wa huko. Kifuniko kile nilikitundika mimi, mama yako mkubwa, Jumamosi, nikifagia. Wachunguzi wanajua. Baba yako anajua. Si wewe. Hicho unachokikumbuka hakikutokea.

Bahasha iliyo juu ya friji si makaratasi ya kampuni. Ifungue leo, kabla hujaenda kazini.

Gudrun